Taya Halisemi

Daktari alikuwa akimtazama mtu kidevu kwanza. Macho yalifuata baadaye, kama yalifuata. Ungeweza kufika mlangoni kwake na habari za msiba, naye akakupokea vizuri, akakupa pole ya kweli, huku wewe ukiona kabisa kwamba anakadiria umbali kati ya pua yako na mdomo wako wa chini. Wageni walijipangusa wakidhani wamebaki na uji. Sisi wa Musoma tulishamzoea.

Nilifanya kazi naye miaka mingi katika kliniki yake ya meno pale Kamunyonge. Nilichemsha vifaa, nilikoroga jasi ya kutolea umbo la meno, nilishika mikono ya walioogopa. Mjini kulikuwa na madaktari wengine, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake. Yeye aliitwa Daktari tu. Muuza mkaa wa jirani akisema "Daktari kapita," hakuna aliyeuliza yupi.

Kwao ni wapi siwezi kusema, maana yeye mwenyewe hakusema. Ukimuuliza kabila lake aligeuza uso upande, akakupa ubavu wa taya, kisha akasema, "Wewe niambie." Nimesikia watu wakimwita Mjita, Mkurya, Mkerewe, Mluo, na mfanyabiashara mmoja wa mitumba aliapa kwamba ni Mnyarwanda. Wote aliwajibu neno moja: "Inawezekana."

Mchezo huohuo yeye aliucheza kwa watu, hasa harusini. Alikuwa akimaliza pilau, anafuta mikono, anamgeukia jirani yake wa mezani. Mara moja, nikiwa nimekaa naye, alimwambia baba mmoja wa makamo kwamba taya lake ni la Majita, watu wa kando ya ziwa. Yule baba akasema yeye ni Mkurya wa Tarime, baba yake Mkurya, babu yake Mkurya. Daktari akamtazama tena, upande huu na upande ule, bila haraka.

"Muulize bibi yako," akasema.

Mke wa yule baba alicheka. Yule baba hakucheka, na nasikia suala la bibi lilizungumzwa nyumbani kwao kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe taya langu alilipeleka Ukerewe, kisiwani. Mimi ni mtu wa Bunda, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda boti. Daktari alikosea karibu sawa na alivyopatia, na kila alipokosea alimlaumu mwenye taya.

Lakini kazini hakuwa mtu wa kubahatisha. Ukutani mwa kliniki ulibandikwa mchoro wa fuvu la mtu likitazamwa ubavuni, lenye mistari iliyopita kwenye paji, puani na kidevuni, na pembe zake zimeandikwa. Ulitoka kwenye vitabu alivyosomea. Fuvu lilikuwa la Mzungu. Mgonjwa akipigwa eksirei ya uso, mistari ilitakiwa ilingane na ile ya mchoro, na isipolingana mgonjwa ana kasoro.

"Kwa mchoro huu," aliniambia nilipoanza kazi, "mkoa wa Mara mzima ni wagonjwa. Na mimi nikiwemo."

Siku moja alikuja msichana kutoka Bunda aliyekuwa ameambiwa kwingine kwamba mdomo wake umetokeza, kwa hiyo ang'olewe meno mazima ili urudi nyuma. Msichana alikuwa ameshakubali. Alikuwa amejifunika ushungi mdomoni japokuwa ni Mlutheri. Daktari alimkagua, akamwondolea ushungi, akamsogeza mbele ya kioo.

"Mdomo wako uko mahali pake," akamwambia. "Mchoro ndio umekosea nyumba."

Baada ya hapo akaanza kupima. Alitaka vipimo vya watu wa hapa, ili daktari wa meno wa Musoma asimlinganishe mtoto wa Bunda na fuvu la Ulaya. Tulizunguka shuleni, Musoma, Bunda, Butiama, na rula yake ya chuma yenye meno mawili ya kubana, tukipima upana wa taya, urefu wa uso, tukichukua umbo la meno kwa jasi. Kila mahali tuliwaita wazazi kwanza. Na kila mahali mzazi mmoja aliuliza vichwa vya watoto vinakwenda kuuzwa wapi.

Pale Bunda alisimama mzee mmoja, akaegemea fimbo yake, akasema, "Mimi nina neno dogo. Hawa wakoloni walipimaga vichwa hapa. Walimpima baba yangu. Halafu ikafuata kodi ya kichwa."

Mkutano ukamgeukia Daktari.

"Baba, hilo swali ni la haki," akasema. "Wale walipima ili waseme nani ni mtu wa namna gani. Mimi napima ili nijue jino likae wapi."

"Basi nipime mimi kwanza," yule mzee akasema. "Nikiona kodi, nitawaambia wenzangu."

Akapimwa mbele ya mkutano, akaenda kukaa. Watoto wakafuata.

Hata hivyo, ile hamu ya harusini haikumwacha. Maumbo ya jasi tuliyarudisha kliniki, naye akayapanga kwenye rafu kwa makabila: Wajita juu, chini yao Wakurya, Wazanaki, Waluo, Wakerewe. Chini ya kila umbo lilichongwa jina la mtoto. Mimi niliyapangusa vumbi. Kwangu yalikuwa meno tu. Yeye alikuwa akisimama mbele ya rafu na kikombe cha chai na kusema kwamba anaona tofauti, kwamba ukikaa nayo muda wa kutosha utaiona na wewe.

Misumari ya rafu ilikuwa ya bei ya chini. Asubuhi moja tulifungua mlango tukakuta Mara nzima iko sakafuni. Jasi haikuvunjika sana, ila Wajita walikuwa juu ya Wakurya na Waluo walikuwa chini ya kiti. Nikainama nianze kusoma majina. Daktari akanizuia.

"Usigeuze," akasema. "Nitayapanga mwenyewe kwa macho."

Alikaa sakafuni na rula yake, akapima, akapanga, akahamisha, akapima tena. Wagonjwa wawili watatu waliambiwa warudi kesho yake. Jioni alikuwa na marundo yake, na alionekana ameridhika. Ndipo akaanza kugeuza na kusoma majina. Aligeuza la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika katikati ya rundo la kwanza aliacha, akasimama, akajinyoosha mgongo.

"Chemsha chai," akasema.

Baadaye walikuja watafiti kutoka chuo kikuu, waliokuwa wakikusanya mate ya watu ili wasome vinasaba. Walitaka kulinganisha asili ya mtu na vipimo vya fuvu na taya, na Daktari ndiye aliyekuwa na vipimo. Aliwapa vyote. Kazi ilipoisha wakaja kueleza walichokiona, katika ukumbi pale Bunda, na aliyeeleza alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alisema watu wa Mara wamechanganyikana tangu zamani, wa ziwani na wa milimani, waliotoka magharibi na waliotoka kaskazini. Alisema asili inaonekana kidogo kwenye mifupa ukichukua watu wengi kwa pamoja, lakini ukishika taya moja la mtu mmoja, halikwambii limetoka kwa nani. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kuliko majirani wa makabila mawili. Na taya halijengwi na vinasaba peke yake: lipo la kutafuna, lipo la kunyonya kidole, lipo la meno ya utoto kung'oka mapema.

Njiani kurudi Musoma nilimuuliza Daktari ameelewaje.

"Asili inaacha alama kwenye fuvu kama samaki anavyoacha harufu kwenye nguo," akasema. "Unajua kulikuwa na samaki. Kama ni sato au ni sangara, hujui."

Tulipofika kona ya Makutano akaongeza, "Nilivyokuwa nafikiri sivyo." Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua itanyesha. Jumamosi iliyofuata tulikuwa harusini, akamwambia mpiga picha kwamba yeye ni Mzanaki wa upande wa mama. Mpiga picha alitoka Lindi.

Ndivyo alivyokuwa. Aliwakataza watoto peremende, na mfuko wa koti lake jeupe ulijaa peremende. Alichukia kupigwa picha ya ubavu, yeye ambaye alikuwa na eksirei za ubavu za nusu ya mji. Kichwa cha sato alikila mpaka mifupa ya taya, akaipanga pembeni ya sahani, akaikagua. Na hakuweza kusema uongo mdogo hata wa kumsaidia mtu. Madaktari wote humwambia mtoto haitauma. Yeye aliinama hadi usawa wa macho ya mtoto, akasema, "Itauma. Ila kidogo kuliko jino lenyewe." Watoto walimwamini, wakalia kwa utaratibu. Mama mmoja alimuuliza kama meno yake bandia yanaonekana kama ya kweli. Akamwambia, "Hapana. Yanaonekana kama mazuri." Nilimsikia akimsahihisha padri katikati ya mahubiri ya mazishi, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika, kwamba marehemu hakufa kwa jino.

Kwa hiyo walipofika wale watu kutoka Butiama, nilijua tutafika wapi. Nilijua vibaya.

Walikuwa wanne. Mzee mmoja, mrefu, koti zito, hana jino hata moja. Mdogo wake, aliyevaa vizuri zaidi na ndiye aliyeongea. Nyuma yao mkwe wa Mzee, mama ambaye bado ni kijana, aliyekaa kwenye benchi la mbali kama inavyompasa mkwe, macho chini. Na mtoto wake Magesa, wa darasa la kwanza au la pili, ambaye alifunga mdomo na kidevu kikatangulia mbele, meno ya chini yamefunika ya juu.

Mdogo wake Mzee alieleza bila kupepesa. Baba yake mtoto, mwana wa Mzee, alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Bunda. Sasa ukoo unakaa kuamua shamba lake na ng'ombe wake, na kama huyu mama na mtoto wanabaki pale nyumbani au wanarudi walikotoka. Na kuna maneno. Katika ukoo wao hakuna mtu mwenye kidevu cha namna hiyo. Marehemu hakuwa nacho, wala mama yake mtoto hana.

"Tumesikia wewe unapimaga mataya na kumjua mtu kwao," akasema. "Utupimie huyu. Ni wetu au si wetu?"

Daktari alinitazama. Nadhani alikuwa anafikiria zile harusi.

"Taya halisemi hivyo," akasema. "Nimepima mengi. Haliwezi."

"Kwa nini watu wanasema unajua?"

"Kwa sababu napenda kuongea. Mnachokitaka nyinyi ni kipimo cha vinasaba, kinachukuliwa kwa mate. Kinaombwa kwa utaratibu wa ustawi wa jamii au mahakama. Mimi sina."

"Hiyo ni safari nyingine," mdogo wake Mzee akasema. "Sisi tumekuja kwako."

Daktari akasema mgonjwa kwake ni mtoto, na mtoto atamwangalia. Akamweka Magesa kwenye kiti. Akamwambia alegeze mdomo, akashika kidevu kwa vidole viwili, akakirudisha nyuma taratibu mpaka meno ya mbele ya juu na ya chini yakagusana ncha kwa ncha. Akamwambia aume. Mtoto akauma, na taya likateleza mbele, kidevu kikatoka tena. Akarudia, nasi sote tukaona.

"Taya lake ni la kawaida," akasema. "Meno ya mbele yanakutana vibaya, kwa hiyo kila akifunga mdomo anateleza mbele ili aweze kutafuna. Hajakirithi kwa mtu hiki kidevu. Amekitengeneza mwenyewe."

Mdogo wake Mzee hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamwangalia kaka yake. Mzee alikuwa amesimama dirishani, mdomo umefungwa, mwanga unamjia ubavuni, na kidevu chake kilikuwa kimepanda na kutangulia mbele, karibu kuikuta pua.

"Kaka, hebu geuka kidogo," akasema. Kisha akamgeukia mtoto. "Na wewe, funga mdomo. Angalia huko."

Akatazama mmoja, akatazama mwingine.

"Kumbe," akasema. "Kumbe kipo kwetu."

Akatoa simu, akatoka nje kuwaarifu ndugu. Tulimsikia kupitia dirishani akisema kwamba daktari amepima na kidevu ni kimoja.

Nilimtazama Daktari. Alishavua glavu.

"Mzee," akasema, "samahani. Kidevu chako kimekuja mbele kwa sababu huna meno. Mtu asipokuwa na meno taya linapanda, kidevu kinatangulia. Ni wazee wote. Siyo ushahidi wa kitu chochote."

"Nimekusikia," Mzee akasema.

"Inabidi nikamwambie ndugu yako."

Mzee alivuta kiti akakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na bila meno hata hayo machache yalimchukua muda.

"Daktari, mambo ya mdomo wangu, unamwambiaga kila mtu?"

"Hapana. Ni siri ya mgonjwa."

"Mimi ni mgonjwa wako?"

Daktari akafikiri. "Ukikaa kwenye kiti."

Mzee akainuka, akamwashiria mjukuu ashuke, akapanda yeye. Akalaza kichwa, akafungua mdomo. Daktari akaiweka rula mezani. Halafu akavaa glavu nyingine, akamkagua ufizi.

Yule mkwe akaongea kwa mara ya kwanza, akiwa bado anaangalia sakafu.

"Wamepima mtoto, wamempima babu yake. Hakuna aliyeniuliza mimi."

"Ni kweli," Daktari akasema, bila kugeuka. "Nakuuliza. Mtoto ni wa nani?"

"Wa marehemu."

"Haya," akasema Daktari. "Hilo, taya lisingeweza kuniambia."

Mzee, mdomo ukiwa wazi na vidole vya Daktari ndani, alitoa sauti ambayo mimi niliichukua kuwa ni kukubali.

Ikabaki shida moja, na Daktari hakuificha. Mtoto alihitaji kutibiwa. Akiachwa hivyo ateleze miaka yote, mfupa nao utafuata, na akiwa mtu mzima itakuwa ni upasuaji. Sasa hivi, akiwa mdogo, kifaa cha plastiki chenye waya kinachovaliwa mdomoni kingetosha kuyasukuma meno mahali pake.

"Na kidevu?" mama yake akauliza.

"Kitarudi nyuma. Atakuwa na uso mwingine."

Mama Magesa akamvuta mtoto kwake. "Basi mwache hivihivi."

"Nikimwacha, hatatafuna vizuri maisha yake yote."

"Lakini atatafunia kwao."

Nje yule ndugu alikuwa amepiga simu ya pili, anaeleza upya, na videvu vilizidi kufanana. Mzee akajiinua kitini taratibu.

"Mtengeneze mtoto," akasema. "Na mimi nitengenezee meno. Kidevu changu kikirudi, si kitarudi kama chake?"

Daktari akapima kwa macho. "Karibu sawa," akasema. Hakuongeza sauti wala hakupunguza.

Meno bandia ya Mzee yalikuwa tayari muda mrefu kabla matibabu ya mtoto hayajaisha. Aliyajaribu, akajitazama kwenye kioo. Kidevu kilikuwa kimeshuka na kurudi, amekuwa mwanaume mwingine kabisa, wa kukaribishwa mikutanoni. Daktari akamuuliza kama yanabana. Akasema hayabani. Akayavua, akayafunga kwenye kitambaa, akaondoka nayo. Miezi ilipita. Nilimkuta mnadani Bunda, kwenye ng'ombe, bila meno. Nikamkuta tena, bila meno. Niliporudi nikamwambia Daktari kwamba yule Mzee meno yake yamemshinda, tumwite ayarekebishe.

"Hayajamshinda," akasema. "Anamsubiri mtoto."

Magesa alikuwa akiletwa na mama yake, na mama yake alitueleza ya nyumbani. Ukoo ulikaa, wakabaki. Baba mdogo, yule mdogo wake Mzee, ndiye aliyesimama na kuwatetea, kwa ushahidi wa kitaalamu. Mzee alikuwa anakunywa uji, na nyama Mama Magesa alimtwangia kwenye kinu mpaka ikawa laini, japokuwa watu walishangaa kwa nini mtu mwenye meno mapya ndani ya kitambaa anatwangiwa nyama. Baba mkwe na mkwe hawakuwa wakikaa meza moja. Alimwekea sahani, akaondoka, naye akala.

Siku tuliyomvua Magesa kifaa kwa mara ya mwisho, Mzee alikuja naye. Mtoto alifunga mdomo na meno ya juu yakakaa mbele ya ya chini, kidevu kimetulia. Mzee akafungua kitambaa chake. Meno yalikuwa yamekauka, na ufizi ulikuwa umepungua kidogo, kwa hiyo yalicheza. Daktari alimgombeza kwa dakika nyingi kwamba meno bandia huwekwa majini, si mfukoni, kisha akayakaza. Wakasimama mbele ya kioo, Mzee na mjukuu, wakageuka ubavu. Wakapanda gari la Butiama wakiwa na nyuso mpya. Wiki ile Mama Magesa alitupigia simu. Alisema baba mdogo aliwatazama wote wawili wakati wa chakula, akasema hata meno yamefanana.

Tangu hapo Daktari hakumbashiria mtu tena kwao. Harusini alikula pilau akazungumzia bei ya saruji. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema amechoka kukosea, na mimi nikaliacha hapo.

Alipostaafu alihamia Nyegina, karibu na misheni, akafuga kuku na kuwakagua midomo. Kliniki ilichukuliwa na kijana mmoja mzuri ambaye anasema haitauma. Tulionana kwa nadra, miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua.

Mara ya mwisho tuliyokuwa pamoja kwa kutwa nzima ilikuwa ni kwa sababu ya Mzee. Baba mdogo alinipigia simu. Kaka yake amefariki, amerudishwa kutoka mochwari, na hospitali walimvua meno wakayatia kwenye mfuko. Watu wanaanza kufika kuaga, na marehemu mdomo umebonyea, kidevu kimepanda, hata wajukuu hawamtambui. Wamejaribu kuyarudisha, wameshindwa. Yule Daktari yupo bado?

Nilimchukua Nyegina kwa gari la kukodi. Nyumba ya Mzee iko mbele kidogo ya Mwitongo, unaliacha barabarani genge la mwisho unapanda. Tuliingia chumbani. Nilishika tochi ya simu maana macho yake hayakuwa ya zamani. Taya lilikuwa gumu. Hakulilazimisha. Alikaa pembeni ya kitanda, akalikanda kwa vidole vyake, pande zote mbili chini ya masikio, kama alivyowafanyia wagonjwa waliokaza kwa woga. Ilichukua muda. Mama Magesa alisimama mlangoni, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimtazama baba mkwe wake usoni. Meno yakaingia, ya juu, kisha ya chini. Daktari akafunga mdomo wa Mzee kwa kiganja, akasubiri, akaachia. Kidevu kilishuka kikakaa.

Baba mdogo akaingia na Magesa. Alikuwa kijana wa sekondari sasa, mrefu, amevaa shati la shule kwa sababu ndilo jeupe alilokuwa nalo.

"Mwangalie," baba mdogo akasema, "na umwangalie huyu. Sura moja. Daktari, wewe mtaalamu, si unaona?"

Nilizima tochi. Daktari alimtazama Mzee, akamtazama kijana.

"Naona," akasema.

Akatoka nje kunawa. Magesa alimfuata na beseni na jagi, akammiminia maji mikononi polepole, na alipoona hakuna mtu karibu isipokuwa mimi akauliza kwa sauti ya chini.

"Daktari, ni kweli mimi na babu tulikuwa tunafanana?"

Daktari alisugua vidole kimoja kimoja. Nilimjua, na nilianza kutafuta neno la kuingilia kati.

"Babu yako alifanya kazi kubwa sana ili afanane na wewe," akasema.

Magesa aliweka jagi chini. Kisha akalibeba beseni, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, na alikaa huko muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.